Kikombe Nilichokibonyeza Mwenyewe

Wiki iliyopita nilikomea pale kengele ya kwanza ilipolia, nami nikainuka kwenye kigoda kwenda kupigania ubingwa wa dunia wa uzito wa juu, mchana wa jua kali, kwenye uwanja wa mbao ng'ambo ya mto Missouri.

Aliyechelewa kujiunga nasi asihangaike. Naitwa Vaclav Hruska, Vashek kwa wanaonipenda, Mcheki wa Omaha Kusini, mchinja ng'ombe. Mwaka mzima niliishi kambini kwa bingwa Jube Leggatt, na kazi yangu ilikuwa kupigwa. Kila uchafu wa ulingoni aliujaribia kwangu kwanza. Ukimfaa, aliupeleka kwenye pambano.

Nilishasimulia nilivyoihama kambi ile, na nilivyompata Gwilym Prosser awe mwalimu wangu na mkuu wa kona yangu. Nilisema kwamba Prosser naye aliwahi kupigana na Leggatt, akaondolewa mchezoni kwa kumpiga chini ya kiuno, na tangu siku hiyo hakuna promota aliyetaka hata kumsalimia.

Sikusema yote. Kuna jambo nimelikwepa wiki nane nzima. Leo nalitoa, maana bila hilo hutaelewa kilichonipata.

Siku moja kambini, miaka miwili kabla ya pambano langu, meneja wa Leggatt, Bwana Silas Coyle, aliniita nyuma ya zizi la farasi. Palikuwa na fuawe ya mhunzi pale, na nyundo.

“Hruska, wewe una mkono mzito,” akasema. “Nisaidie kitu.”

Akatoa mfukoni kikombe cha aluminiamu. Wasiojua ngumi niwaambie: ni kikinga ambacho bondia hukivaa ndani ya bukta, kulinda pale ambapo mwanamume hapendi kuguswa. Kilikuwa kipya, kinang'aa.

“Ifunge hiyo nyundo kwa ngozi ya glovu kuukuu,” akasema Coyle. “Halafu kipige mara moja, kibonyee.”

“Cha nini, bosi?”

“Wewe ulikuja hapa kuuliza au kupiga?”

Nikapiga. Nyundo iliteleza kwanza, ikakwaruza ukingo. Coyle akanitukana. Nikapiga tena, kikabonyea katikati, bonde la duara ambalo yeyote angeapa limeachwa na ngumi ya mtu.

“Safi,” akasema. “Una akili kuliko sura yako.”

Je, nilijua ni cha nini? Nisikudanganye, msomaji. Nilijua nusu, na ile nusu nyingine sikutaka kuijua.

Jumapili iliyofuata wote wakaenda kwenye pambano, mimi nikaachwa kulisha farasi. Jumatatu magazeti yakafika. Prosser alikuwa amemwangusha bingwa raundi ya tisa. Bingwa akalia amepigwa chini. Daktari akapanda, akatoa kikinga kilichobonyea, akakiinua watu wakione. Prosser akapoteza kwa faulo.

Tangu hapo akawa Gwil Mchafu. Mabondia wakamkimbia. Kwao kwa wachimba makaa wa Kiwelshi, ambako aliimba sauti nzito ya besi tangu ujana wake, wazee wa kanisa walimtoa kwenye kwaya. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Ngumi angeweza kuziacha, lakini kukaa viti vya nyuma Jumapili na kusikia wengine wakiimba sehemu yake, hilo lilimshinda, akahama mji.

Nami nilijua yote hayo, kwa sababu alinisimulia mwenyewe, huku akinisugua mabega kwa mafuta. Miezi kumi na minne alinisugua mabega. Sikumwambia.

Sasa turudi siku ya pambano.

Katika mchezo wetu kuna desturi moja. Kabla ya kupanda ulingoni, kila upande hupeleka mtu chumba cha mpinzani. Anasimama pale, anatazama mikono inavyofungwa bandeji, anakagua glovu, anakagua kila kinachovaliwa na kila kinachobebwa. Sisi mtu huyo alikuwa Prosser. Alikwishachukua kofia yake.

“Nakwenda kwa Leggatt,” akasema. “Leo nataka kuona mpaka soksi zake.”

Kule chumbani alikuwa Coyle, na wapambe wote wa kambi walionijua. Akilini nilimwona kabisa Coyle akimkaribisha kwa kicheko: haya, Prosser, hajambo yule fundi wetu wa nyundo?

“Kaka Gwil, usiende,” nikasema. “Tumbo linanisokota. Kaa na mimi.”

“Tumbo la woga hilo, linapita. Narudi sasa hivi.”

“Nakuomba, Kaka Gwil.”

“Basi nani aende?”

“Si lazima. Refa ameshakagua.”

Akanitazama. “Vashek, watu wale ukiwaacha peke yao dakika tano wanaweza kuficha farasi ndani ya bukta.”

“Refa ameshakagua,” nikarudia.

Akatundika kofia yake msumarini, akakaa, akaanza kunisugua tumbo. Hakuna aliyekwenda. Ndugu msomaji, pambano lile nililipotezea pale, nikiwa bado nimevaa soksi za nyumbani.

Tulipopanda, Prosser alimwona mwamuzi akakunja uso. “Amory Teague,” akasema. “Yule yule aliyechezesha pambano langu.”

Sheria ya jimbo lile haikuruhusu mwamuzi kutoa ushindi kwa pointi. Raundi kumi zikiisha wote wawili mmesimama, hakuna mshindi, bingwa anajiendea na mkanda wake. Ili niwe bingwa, njia zilikuwa mbili tu: nimlaze Leggatt hadi kumi, au yeye acheze faulo na mwamuzi aione.

Njia ya pili niliisahau mapema sana.

Raundi ya kwanza alinikanyaga mguu, akanisukuma kwa bega, na nilipokuwa nadondoka akanipiga sikioni. Papo hapo akainua mkono, akapaza sauti uwanja mzima usikie.

“Samahani, mwanangu! Umeteleza?”

Watu wakampigia makofi. Hiyo ndiyo ilikuwa silaha yake kubwa. Kila faulo aliifuatisha samahani, na watu waliikumbuka samahani.

Raundi ya pili akanitia kidole gumba jichoni.

“Refa! Kidole!” nikalia.

“Pigana, Hruska,” akasema Teague. “Hapa si mahakamani.”

“Samahani, mwanangu!” akasema Leggatt.

Raundi ya tatu akanisugua nyusi kwa kamba za glovu mpaka ngozi ikachanika. Ya nne akanishika shingo kwa mkono mmoja, akanitwanga figo kwa mwingine, akaninong'oneza sikioni, “Mwanangu, unanuka ng'ombe. Wenzio huoga Jumamosi, hukuambiwa?”

Wachinjaji wenzangu waliokuja kwa treni, watu mia tatu, wakapiga kelele hadi mbao zikatetemeka. Teague alikuwa upande wa pili wa mgongo wangu. Kila mara alikuwa upande wa pili.

Nilikuwa navumilia. Hayo yote niliyazoea kambini. Na niliona jambo jingine: Leggatt alikuwa anahema. Alikuwa na miaka thelathini na nane, na jua lile halikumwogopa bingwa.

Raundi ya sita tukakumbatiana karibu na kamba. Nikamsikia anacheka kwa chini.

“Mkuu wako wa kona anajua?”

Nikajaribu kumsukuma.

“Hajui! Lo! Nimwite nimwambie? Prosser! Ee, Prosser!”

Mikono ikanishuka. Yenyewe tu, wala sikuiamuru. Leggatt akanipiga taya kwa ngumi halali kabisa, nikaenda chini. Nilihesabiwa hadi sita. Nimepigwa kichwa, kiwiko, goti na kidole katika maisha yangu, na hakuna faulo iliyowahi kunifanya mnyonge namna ile. Ningeilalamikia kwa mwamuzi gani?

Kengele ikaniokoa. Prosser akanimwagia maji.

“Alikuambia nini?”

“Upuuzi.”

“Alikuwa ananiita. Nimesikia jina langu.”

“Alikuwa anakutukana tu, Kaka Gwil.”

“Mimi nimetukanwa hadi kanisani, nimezoea. Wewe ndiye ulishusha mikono. Upuuzi gani unaomshusha mtu mikono?”

Nikatazama sakafu. Akaniinua kidevu.

“Haya, tuliache. Sikiliza. Mzee amechoka, kinywa kiko wazi. Mpige ini, hapa. Lakini juu! Juu ya kiuno kwa shubiri nzima. Usishuke hata kwa bahati mbaya, Vashek. Ukishuka kidole kimoja watakufanyia walichonifanyia mimi.”

Raundi ya saba nilimtafuta sikumpata. Alinikumbatia, akanilalia, akanikanyaga, akaniomba samahani.

Raundi ya nane nikampata.

Alirusha mkono wa kulia akijivuta, mbavu zikabaki wazi. Nikapeleka kushoto ini, juu ya kiuno, shubiri nzima, kama nilivyoagizwa. Sijawahi kupiga ngumi nzuri kama ile. Leggatt alisimama palepale akinitazama kwa mshangao, magoti yakakunjika, akalala ubavu, mikono yote miwili imekumbatia mbavu.

Nikaenda kona ya mbali, kama sheria inavyotaka.

“Moja,” akasema Teague. “Mbili.”

Wachinjaji walikuwa wamepanda juu ya viti. Walihesabu naye. Tatu. Nne. Nilimwona Prosser ameshika kamba kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, anahesabu kwa sauti ile ya kwaya. Tano. Sita.

“Faulo!” akapiga kelele Coyle. “Faulo! Chini ya kiuno!”

Na pale pale, mbele ya macho yangu, mikono ya Leggatt ikaanza kushuka. Ilitoka mbavuni, ikapita kiunoni, ikafika katikati ya mapaja, ikatulia hapo. Ndipo akaanza kulia.

“Saba,” akasema Teague. Akasita. Akanitazama, akamtazama Coyle. Hakusema nane.

“Malizia!” akaunguruma Prosser. “Malizia hesabu, Teague!”

“Nimesimamisha. Kuna malalamiko ya faulo.”

Coyle na wapambe wawili walikwisharuka kamba. Mmoja alikuwa na blanketi, mwingine ndoo.

“Mfunikeni!” akaamrisha Coyle. “Kuna akina mama hapa mbele, mna adabu ninyi?”

Wakamfunika. Chini ya blanketi mikono ikahangaika, ndoo ikasogezwa, na Leggatt akalia kwa uchungu wa kusikitisha. Daktari akapanda, mtu mzima mwenye miwani, sidhani alikuwa na ubaya wowote. Akapokea kitu kutoka chini ya blanketi, akakitazama, akatikisa kichwa, akakiinua juu.

Kikombe cha aluminiamu. Kimebonyea katikati, bonde la duara. Na ukingoni, mkwaruzo.

Nilikitambua kabla jua halijakipiga vizuri. Fundi hasahau kazi yake.

“Ngumi iliyofanya hivi ingemuua farasi,” akasema daktari.

Uwanja mzima ukanizomea, isipokuwa wale mia tatu, na hata wao sauti zilikuwa zinapungua.

Prosser akaingia ulingoni. “Ni uongo! Ndivyo walivyonifanyia mimi! Teague, ulikuwepo! Ndoo, blanketi, vile vile!”

“Prosser, teremka.”

“Kijana wangu kapiga ini! Kila mtu kaona! Mimi nimekaa naye miezi kumi na minne. Nimemlisha, nimemfunga vidonda. Hajawahi kugusa uchafu huyu. Naweka jina langu!”

“Jina lako?” akasema Teague.

Kicheko kilianzia viti vya mbele, kikapanda safu hadi safu mpaka juu kabisa. Prosser akasimama katikati yake, mikono imening'inia. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na watu elfu nane walikuwa wanamcheka kwa sababu ya nyundo yangu.

Coyle akanisogelea, akajifanya ananifariji. Mkono begani, mdomo sikioni.

“Nyamaza, Hruska. Kupoteza kwa faulo si msiba, utapigana tena. Masika nakupa marudiano, naapa. Na huyu mzee wako ataendelea kukupenda. Ukifungua mdomo, umempoteza yeye, na sijui nani atakuamini.”

Nitakiri kitu kingine, maana leo ni siku ya kukiri. Nilimsikiliza. Niliona masika, niliona marudiano, niliona Prosser ananisugua mabega bila kujua lolote. Teague alikwishashika mkono wa Leggatt kuuinua.

“Ngojeni,” nikasema.

Sauti ilitoka ndogo. Nikarudia.

“Kikombe hicho hakikubonyezwa leo.”

Teague akageuka. “Umejuaje?”

“Kina mkwaruzo ukingoni. Nyundo iliteleza.”

“Nyundo gani?”

“Niliyoishika mimi. Kambini kwa Leggatt, juu ya fuawe, miaka miwili iliyopita. Nilikibonyeza mimi, kwa mkono wangu. Bwana Coyle aliniagiza.”

Coyle akacheka kwa sauti. “Mnasikia? Anakiri ni tapeli, halafu anataka tumwamini!”

Lakini Teague hakucheka. Alikichukua kikombe kwa daktari, akapitisha kidole ukingoni. Nikaona rangi inamtoka usoni.

“Miaka miwili iliyopita lini?” akauliza polepole.

“Siku nne kabla ya pambano la Prosser.”

Sikuweza kutazama kona yangu. Nilitazama viatu vya Teague. Nilisikia ndoo yetu ikianguka, maji yakimwagika kwenye mbao, na baada ya hapo sikusikia chochote.

Coyle ndiye aliyepata sauti kwanza. “Refa, sheria ni sheria! Bondia haleti malalamiko. Malalamiko huletwa na mkuu wa kona, kwa kiapo, naye ndiye anayemdhamini mtu wake kwamba anasema kweli. Ndivyo kitabu kinavyosema!”

Na ndivyo kilivyosema. Sisi mabondia hatukuhesabiwa kuwa na akili ya kujisemea. Kila neno la bondia lilipita kwenye mdomo wa mkuu wa kona yake, la sivyo halikuwa neno.

Teague alivuta saa yake ya mnyororo. Sijui alikuwa anatafuta haki au anatafuta mlango wa kutokea. Pengine vyote viwili, maana yeye ndiye aliyekiamini kikombe kile mara ya kwanza.

“Sawa,” akasema. “Prosser. Unaleta malalamiko haya? Ukiyaleta, na ukiapa kwamba unamdhamini Hruska kuwa mtu mkweli, nahesabu tatu zilizobaki na mtu wako ni bingwa wa dunia. Usipoyaleta, namwinua Leggatt mkono. Una dakika moja.”

Wachinjaji wakanyamaza. Hata Leggatt, pale chini ya blanketi, aliacha kulia ili asikie.

Ndipo nikalazimika kumtazama.

Prosser alikuwa amesimama penye maji ya ndoo. Hakuwa na hasira usoni. Ningefurahi angekuwa nayo, ningefurahi angenipiga. Alikuwa ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi.

“Tumbo,” akasema. “Tumbo lililokuwa linakusokota kule chumbani.”

“Ndiyo.”

“Ili nisiende kule.”

“Ndiyo, Kaka Gwil.”

“Na raundi ya sita.”

“Ndiyo.”

Akaitikia kwa kichwa kila mara, taratibu, kana kwamba nilikuwa namsomea orodha ya vitu vya dukani. Nilitaka kumwambia nimejuta. Nilitaka kumwambia jina lake leo linaweza kusafika mbele ya watu wote hawa. Maneno yote yalikuwepo, na hakuna hata moja lililostahili kutoka kinywani mwangu.

“Gwil, wewe ni mtu mzima,” akasema Coyle, amelainika ghafla. “Unataka kumtengeneza huyu awe bingwa? Huyu?”

“Nyamaza, Silas,” akasema Prosser, bila kumtazama. “Nusu dakika yangu hii, si yako.”

Akanisogelea hadi nikasikia harufu ya mafuta ya kusugulia mikononi mwake.

“Nina swali moja, Vashek, nalo halihusu kikombe. Ulinikuta kwenye ghala la barafu, nimevaa gunia mabegani. Nilikuwa sijapigana wala kufundisha mtu kwa muda mrefu. Ukavua kofia. Ukaniambia katika nchi hii nzima hakuna anayezijua ngumi kama mimi, ndiyo maana umenitafuta. Unakumbuka?”

“Nakumbuka.”

“Mimi nilirudi nyumbani siku ile nikamwambia mke wangu maneno hayo, neno kwa neno. Nilinyoa ndevu. Kila asubuhi niliyoamka kuja kwako niliamka kwa ajili ya maneno hayo.” Sauti yake, ile nzito ya kwaya, ilikwaruza kidogo. “Sasa niambie. Ulisema kwa sababu ulijua? Uliwahi kuniona nikipigana?”

“Sekunde kumi na tano,” akasema Teague.

Msomaji, siku ya pambano lake mimi nilikuwa nalisha farasi. Sikuwa nimemwona akirusha ngumi hata moja maishani mwangu. Nilikwenda ghalani kwa sababu nilikuwa silali usingizi, na maneno yale niliyatunga njiani ili asikatae. Kwamba yaligeuka kuwa kweli, kwamba kweli hakuna aliyezijua kama yeye, nililigundua baadaye, siku kwa siku, kwa mikono yake. Lakini hayo hakuniuliza.

Ubingwa wa dunia ulikuwa hapo, umbali wa neno moja. Ningesema nilimwona. Angeamini. Alitaka kuamini, nililiona hilo wazi, mtu mzima ananisihi kwa macho nimdanganye mara moja zaidi.

“Sekunde tano, Prosser.”

“Hapana, Kaka Gwil,” nikasema. “Sikuwahi kukuona.”

Akajifuta mikono kwa taulo, kidole kimoja kimoja, akaliweka taulo begani, akamgeukia mwamuzi. Alichomwambia, msomaji, nitakusimulia wiki ijayo.